Cheti cha kuzaliwa cha zamani kinapopingana na simulizi ya ukoo: dalili, sababu na hatua za kuchukua Unguja na Pemba

Watu wanaofuatilia nasaba zao Unguja na Pemba hukwama karibu mahali pale pale: cheti cha babu kinasema jambo moja, wazee wanasema jingine, na cheti cha ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja kinasema la tatu. Mara nyingi hakuna aliyesema uongo. Cheti ni maneno ya mtu fulani, yaliyosikiwa na karani fulani, siku fulani. Na karibu kila tatizo lililoelezwa hapa huanza kufunguka pale mtafutaji anapojua nani alitoa taarifa, alizitoa lini, na karani alizisikiaje.

Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na dalili yoyote, andika katika karatasi nyingine mambo manne kutoka kwenye cheti hicho: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kusajiliwa, tarehe ambayo nakala ilitolewa, na jina la mtoa taarifa pamoja na uhusiano wake na mtoto. Vyeti vingi vilivyomo majumbani ni nakala zilizotolewa baadaye kutoka daftari la msajili, na karatasi yenyewe huweza kuutaja umri wake. Cheti chenye kichwa cha Serikali ya Mapinduzi hakikuchapishwa kabla ya Januari 1964, hata kama mwenye cheti alizaliwa 1928. Ada iliyoandikwa kwa rupia inaelekeza kabla ya 1936, mwaka ambao shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi ya rupia Zanzibar. Ada ya shilingi kwenye cheti cha mtu aliyezaliwa 1919 inaonyesha kwamba nakala, au pengine usajili wenyewe, ni wa miaka mingi baadaye. Hatua hii huchukua dakika chache na huondoa nusu ya mafumbo ambayo watu huyaleta.

Dalili ya kwanza: tarehe ni 1 Januari, au ndugu wamepishana kwa miezi michache

Sababu inayoongoza ni usajili uliochelewa. Mtoto aliyezaliwa shamba, mikononi mwa mkunga wa jadi, hakuhitaji karatasi mpaka alipotakiwa skuli, alipoomba kazi serikalini, au alipotaka pasipoti ya kwenda Hija. Siku hiyo mwaka ulikadiriwa, na nafasi ya siku na mwezi ikajazwa kwa tarehe iliyo rahisi kuandikwa. Tazama tofauti baina ya tarehe ya kuzaliwa na ya kusajiliwa: ikiwa ni siku au wiki chache, tarehe ina uzito, ikiwa ni miaka, ichukulie kuwa ni makisio na uiandike hivyo katika kumbukumbu zako, kwa neno "takriban".

Ndugu wawili wanapopishana kwa miezi minne au mitano, watu hukimbilia kusema kuwa cheti kimoja ni cha uongo. Angalia kwanza majina ya mama. Katika nyumba ya mitala, watoto wa baba mmoja kuzaliwa mwaka mmoja si ajabu hata kidogo. Ni pale tu mama anapokuwa mmoja ndipo ufikirie sababu nyingine: umri uliopunguzwa ili mtoto apate nafasi ya skuli, au ulioongezwa ili kijana apate kazi.

Uchunguzi wa ndani zaidi ni wa matukio. Wazee hawakumbuki tarakimu, lakini wanakumbuka mambo yaliyoitikisa nchi: kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, mizinga iliyopigwa kwenye kasri tarehe 27 Agosti 1896, Vita vya Ng'ombe vya Kiembesamaki vya Julai 1951, fujo za uchaguzi za Juni 1961, na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Usimuulize mzee, "Ulizaliwa kabla au baada?" pekee. Muulize mtoto alikuwa katika hali gani wakati huo: akinyonya, akitambaa, akienda chuoni kusoma Kurani, au alishaanza kufuatana na wakubwa kuchuma karafuu. Majibu ya namna hii hubana mwaka kwa namna ambayo swali la moja kwa moja haliwezi. Majira nayo husaidia, kwa sababu masika, kipupwe, vuli na msimu wa kaskazi kila moja lina miezi yake, na watu wa Makunduchi wana sherehe ya Mwaka Kogwa ya Julai ya kupimia.

Baada ya hapo, tafuta maandishi yaliyoandikwa karibu zaidi na siku yenyewe. La thamani kubwa kuliko yote ni ukurasa mtupu wa mwanzo au wa mwisho wa msahafu wa nyumba, ambapo baba au babu aliandika kuzaliwa kwa kila mtoto kwa mkono wake. Nimeona watu wakitumia miezi kutafuta nakala maofisini ilhali jibu liko kabatini kwa shangazi yao. Daftari la kuingiza wanafunzi skuli nalo ni shahidi mzuri, ingawa huenda lilinakili makisio yale yale.

Simama hapa ikiwa tarehe hiyo inagusa pensheni, mirathi au kesi. Mtafiti wa nasaba anaweza kuandika "takriban 1931", lakini kubadilisha tarehe katika kumbukumbu rasmi ni kazi ya msajili kwa taratibu za sheria, na kiapo cha uongo kuhusu umri ni kosa la jinai.

Dalili ya pili: mwaka hauwezekani

Mwaka ukianza na 13, kwa mfano 1342 au 1367, hakuna fumbo: ni mwaka wa Hijria. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, mwaka 1350 ulianza Mei 1931, na mwaka 1383 ulianza Mei 1963. Kwa makadirio ya haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kwa kuwa mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, karibu kila mmoja huangukia ndani ya miaka miwili ya miladia, kwa hiyo usiandike mwaka mmoja tu mpaka uwe na mwezi. Umri uliotajwa na wazee nao unaweza kuwa ulihesabiwa hivyo: miaka 66 ya Hijria ni takriban miaka 64 ya miladia, na tofauti hiyo ndogo hutosha kumpeleka mtafutaji kwenye daftari lisilo lake.

Sababu ya pili ni tarakimu zilizosomwa vibaya. Tano ya Kiarabu ni kiduara kinachofanana na sifuri ya kizungu, na sifuri ya Kiarabu ni nukta tu, ambayo wino ukififia hutoweka kabisa. Sita ya Kiarabu hudhaniwa kuwa saba, mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja, na saba na nane ni umbo lile lile lililopinduliwa. Mtu aliyenakili msahafu wa babu yake bila ya kuzoea tarakimu hizi anaweza kupoteza miaka hamsini kwa nukta moja. Katika hati za mkono wa kizungu, jozi za kutiliwa shaka ni 1 na 7, 4 na 9, na 3 na 8. Tafuta tarakimu ile ile mahali pengine katika ukurasa huo huo, palipo na hakika ya thamani yake, kisha linganisha mkono wa karani.

Sababu ya tatu husahaulika sana, nayo ni mwezi. Sisi huhesabu miezi kuanzia baada ya Ramadhani: Mfunguo Mosi ndio Shawwali, Mfunguo Tatu ndio Dhulhija, Mfunguo Nne ndio Muharamu, Mfunguo Sita ndio mwezi wa Maulidi, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mama akisema mtoto amezaliwa "mwezi wa tatu" akikusudia mfunguo, na karani akaandika Machi, cheti kitakuwa na tarehe safi isiyo ya kweli. Ukishuku hivyo, geuza tarehe yote ya Hijria kuwa ya miladia na uone kama majira yanakubaliana na masimulizi ya mvua na mavuno.

Usitarajie ulinganifu wa siku kwa siku. Mwezi huandama kwa kuonekana, na hesabu ya kalenda ya kisasa inaweza kupishana kwa siku moja au mbili na mwezi ulivyoonekana kisiwani mwaka huo.

Dalili ya tatu: siku ya wiki, saa au jina haliendani na tarehe

Anaitwa Juma, lakini tarehe ya cheti iliangukia Alhamisi. Kwa hesabu yetu ya asili siku huanza jua linapokuchwa, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili usiku amezaliwa usiku wa Ijumaa na akapewa jina lake kwa haki, huku hospitali ikiandika Alhamisi. Saa zenyewe nazo hupishana kwa sita: saa nane za usiku kwa mama ni saa mbili kwa karani wa hesabu ya kizungu, na kwake tarehe tayari imeshageuka. Mapishano ya siku moja, basi, yaache yalivyo. Mapishano makubwa zaidi hayathibitishi kitu, kwa sababu Juma wengi wamerithi jina la babu na siku haikuulizwa.

Dalili ya nne: jina la baba si lile linalojulikana

Hapa ndipo watu hufadhaika zaidi, na hapa ndipo pa kwenda polepole. Sababu za kawaida hazina siri yoyote ndani yake.

Ya kwanza ni namna majina yanavyokatwa. Mtu wa hapa ana jina lake, la baba, la babu, na nyuma yake mlolongo unaoweza kwenda vizazi saba, na pengine nisba ya ukoo mwishoni. Fomu ina nafasi mbili au tatu. Ndugu mmoja akaandikwa kwa jina la baba na babu, mwingine kwa jina la baba na nisba, wa tatu kwa jina la babu pekee kwa kuwa ndilo lililojulikana mtaani. Andika mlolongo mrefu wa kila ndugu kama unavyofahamika nyumbani, kisha uweke jina la cheti juu yake uone limekatwa wapi.

Ya pili ni tahajia. Hati za Kiarabu hazina herufi za asili za p, v wala ch, na irabu fupi aghalabu haziandikwi, kwa hiyo Kombo, Vuai na Jecha huweza kurudi kutoka katika maandishi hayo kwa sura ambazo wenyewe wasingezitambua. Kisha akaja karani wa hati za kizungu mwenye tabia zake: Khamis, Hamisi na Hamis, Suleiman, Sleiman na Selemani, Shaame na Shame, Faki na Fakihi. Unapotafuta katika daftari, soma kwa sauti kila jina linalokaribia na usikilize, badala ya kulitafuta kwa macho tu.

Ya tatu ni kwamba mtu alikuwa na majina mawili ya halali: jina la utoto alilopewa siku za mwanzo, na jina la ukubwani, mbali ya lakabu iliyoweza kuyafunika yote mawili. Baba anayetajwa na ukoo mzima kwa lakabu yake akiandikwa katika cheti kwa jina lake halisi, wajukuu hudhani ni mtu mwingine. Shangazi mmoja mwenye umri mkubwa hutatua hili kwa swali moja: "Babu alikuwa akiitwa nani na mama yake?"

Ya nne ni kujirudia kwa majina. Mtoto wa kiume huitwa kwa babu yake, na hivyo Ali huzaa Khamis, Khamis huzaa Ali, na Ali huyo huzaa Khamis mwingine. Na ndugu wanne wa Khamis wa kwanza kila mmoja naye ana Ali wake. Cheti ulichokishika kinaweza kuwa ni cha kweli kabisa na cha mtu asiye wako. Kagua jina la mama kabla ya kukubali jina la baba. Katika visiwa hivi mke habadilishi jina lake kwa kuolewa, kwa hiyo jina la mama pamoja na la baba yake ndilo ufunguo bora zaidi wa kuwatenganisha binamu wenye majina sawa.

Ya tano ni mlezi. Mtoto aliyelelewa na mjomba, baba mkubwa au bibi upande wa mama huweza kuandikwa kwa jina la aliyempeleka kusajiliwa, hasa pale baba mzazi alipokuwa safarini au amefariki. Jina la mtoa taarifa litakusaidia hapa kuliko kitu chochote kingine.

Ziko sababu mbili za nadra ambazo zinahitaji uangalifu wa moyo pia. Moja ni utumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Kwa hiyo watu waliozaliwa miaka ya mwanzo ya karne iliyopita wanaweza kuwa na wazazi au mabibi waliokuwa watumwa. Katika maandishi mengi ya zama za ukoloni, baadhi ya watu wa asili hiyo au wa asili ya bara waliandikwa kwa "wadi" badala ya "bin", ingawa makarani hawakufuata kanuni moja. Mama kutajwa kwa jina moja tu, bila ya jina la baba yake, ni alama nyingine ya kuchunguza. Mtoto wa suria na bwana wake, kwa sheria ya Kiislamu, alikuwa huru na mrithi kamili wa baba yake. Ndiyo maana nasaba ya upande wa baba huweza kuwa ndefu na iliyohifadhiwa vizuri huku ya upande wa mama ikikatika ghafla. Kukatika huko ni jeraha la historia, na mtafutaji anayelifikia anastahili kulitafiti kwa heshima kamili. Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani zinahifadhi kumbukumbu za zama hizo, na kwa waliopokewa na misheni kuna njia ya rejista za makanisa: Waanglikana wa Mkunazini na Mbweni, Wakatoliki wa Shangani, na kwa Pemba, misheni ya Marafiki (Quakers) iliyoanza Banani mwishoni mwa karne ya 19.

Nyingine ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye nasaba yake kwa sheria ya Kiislamu hufuata upande wa mama. Usilitoe neno hili kwa kukisia. Jina la baba lisilolingana lina sababu tano za kawaida zilizotangulia hapo juu, na mpaka zote ziondolewe kwa ushahidi, kimya ni wajibu. Ikiwa wahusika au watoto wao wapo hai, simama kabisa: zungumza kwa faragha na mzee mmoja anayeaminika, na usiweke chochote kwenye mti wa ukoo unaozungushwa kwenye simu za watu. Ikiwa jambo linagusa mirathi, kazi ni ya Mahakama ya Kadhi, pamoja na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana pale inapohusika, na wala si ya mtafiti wa familia hata awe hodari vipi.

Dalili ya tano: kabila limebadilika baina ya cheti na cheti

Baba Mswahili, mtoto wa kwanza Mshirazi, wa pili Mwarabu, na mjukuu hana kabila kabisa. Familia nyingi hulipokea jambo hili kama aibu au kama ugunduzi mkubwa, na kwa maoni yangu si lolote kati ya hayo mawili.

Sababu kuu ni kwamba majina ya makabila katika karatasi za serikali yalibadilika kwa mujibu wa siasa na manufaa ya wakati. Katika sensa ya 1924 watu wengi waliandikishwa kuwa Waswahili. Katika sensa ya 1931 waliojitaja hivyo walikuwa wamepungua mno, na badala yake watu wakawa Washirazi, Wahadimu, Watumbatu au Waarabu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula, mchele ukiwemo, ulifuata makundi ya kikabila, na hapo kila mtu aliona kwamba neno lililoandikwa na karani lina uzito wa sahani. Kisha zikaja siasa za vyama za miaka ya 1950, na chama cha Afro-Shirazi cha 1957 kikabeba katika jina lake mjadala huo huo. Baada ya 1964 zipo familia zilizoziacha nisba zao za Kiarabu, na hazikuziandikisha tena kwa watoto.

Sababu ya pili ni kwamba karani aliandika alichokiona kwa macho yake, bila ya kuuliza. Sababu ya tatu ni ndoa za makabila tofauti, ambapo mtoto mmoja aliandikwa kwa baba na mwingine, kwa kuwa mtoa taarifa alikuwa mjomba, akaandikwa kwa mama.

Panga vyeti vyote vya ukoo kwa tarehe ya kusajiliwa, wala si kwa tarehe ya kuzaliwa, na mara nyingi utaona mabadiliko yanafuata miaka ya nchi na si damu ya watu. Kabila la kwenye cheti lisitumike kukata shauri la nani ni wa ukoo na nani si wa ukoo. Yeyote anayetaka kulitumia hivyo, kwa shamba au kwa heshima, apelekwe kwa wenye mamlaka.

Dalili ya sita: mahali pa kuzaliwa hapapatikani au si kijijini kwenu

Mama wengi, hasa kwa mtoto wa kwanza, hurudi kujifungulia kwao. Cheti kinachotaja kijiji kigeni, basi, huenda kinakuonyesha nyumbani kwa bibi mzaa mama, na hiyo ni zawadi kwa mtafutaji aliyekosa upande huo.

Tahajia za zamani nazo huchanganya: Wete iliandikwa Weti, Chake Chake iliandikwa Chaki Chaki, na Chwaka iliandikwa Chuaka. Majina mengine yapo pande zote mbili: Kizimbani ipo Unguja na ipo Wete, Chwaka ipo Unguja na ipo Tumbe, Pemba. Neno Mkoani likiandikwa bila ya herufi kubwa, msomaji wa leo hudhani ni mkoa wowote, ilhali ni mji wa kusini mwa Pemba. Hospitali kuu ya mjini ilibeba jina la Karimjee Jivanjee, baada ya Mapinduzi ikaitwa V. I. Lenin, na leo ni Mnazi Mmoja. Majina matatu hayo ni mahali pamoja. Kwa Ng'ambo, sehemu ya mitaa ya zamani ilibomolewa kupisha majumba ya Michenzani, kwa hiyo mtaa usioupata kwenye ramani ya leo muulize sheha au wazee waliohamishwa kutoka hapo.

Dalili ya saba: daftarini hamna kitu, au vyeti viwili vya mtu mmoja vinapingana

Kabla ya kusema kumbukumbu imepotea, hakikisha ulitafuta kwa mwaka wa kusajiliwa na si wa kuzaliwa tu, katika wilaya ya kuzaliwa na si ya makaazi, na kwa kila tahajia ya jina. Hakikisha pia kwamba uko kwenye ofisi sahihi. Usajili wa vizazi Zanzibar si jambo la Muungano: kwa waliozaliwa Unguja na Pemba unashughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na kwa waliozaliwa Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam ni RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara. Wavuvi, mabaharia na wafanyabiashara walikuwa wakivuka bahari na wake zao, na wako Wazanzibari wengi ambao cheti chao kipo bara au Mombasa. Baada ya hayo yote, kubali uwezekano kwamba mtu huyo hakusajiliwa, kwani wengi wa kizazi hicho hawakusajiliwa, na ugeukie hati za ndoa, kumbukumbu za mirathi na rejista za jumuiya za kidini kwa familia za Kiismailia, Kithnaashari na Kibohora.

Vyeti viwili vyenye jina moja na wazazi wale wale mara nyingi ni vya watoto wawili: wa kwanza alifariki mchanga, na aliyemfuata akapewa jina lake. Tafuta kumbukumbu ya kifo kati ya tarehe hizo mbili, na uulize kwa upole, kwa sababu mama wengine hawakuwahi kulisema. Sababu inayofuata ni usajili wa mara mbili, mmoja wa mapema na mwingine wa kuchelewa uliofanywa na mtu asiyejua kuwa cheti cha kwanza kipo. Hapo kipe uzito kile kilichoandikwa karibu zaidi na kuzaliwa. Ya mwisho ni kosa la kunakili, na dawa yake ni kuomba kuonyeshwa ingizo lenyewe la daftari badala ya kuomba nakala nyingine ya nakala. Vyeti viwili vinavyopingana visipelekwe kokote kwa maombi ya pasipoti au kitambulisho mpaka msajili amevikagua, kwa sababu kuchagua kimoja na kukificha kingine kunaweza kukuletea mashitaka.

Dalili ya nane: maandishi yamefifia, karatasi imekatika au imeliwa na wadudu

Unyevu wa masika na chumvi ya pwani ndio maadui wa kwanza, wakifuatiwa na mchwa na mende, kisha mikono yetu. Anza na mwanga: weka cheti karibu na dirisha asubuhi, mwanga uingie kwa ubavu, ukipige picha kwa simu bila ya kumulika taa yake, kisha uongeze weusi wa picha. Alama za kalamu zilizozama kwenye karatasi huonekana hata wino ulipoondoka. Geuza upande wa nyuma, ambako mihuri na maandishi ya pembeni aghalabu hubaki wazi zaidi.

Usikipige pasi, usikianike juani, usikifute kwa maji wala dawa, usikaze maandishi kwa kalamu mpya, usikibandike selotepu, na usikipeleke kutiwa plastiki ya moto. Plastiki hiyo haiondoki tena bila ya kuchukua karatasi, na ofisi inaweza kukikataa cheti kilichotiwa humo. Kiweke ndani ya bahasha ya karatasi safi, kikiwa kimelala, mbali na ukuta wa nje.

Ikiwa karatasi imeshikamana na nyingine, imeota ukungu, au inamong'onyoka unapoigusa, usiendelee kuifungua. Iache kama ilivyo ndani ya bahasha na uipeleke kwa wahifadhi wa nyaraka. Na ikiwa ni maandishi ya Kiarabu ya mkono wa kale ambayo huyasomi vizuri, mpe picha yake mwalimu aliyezoea hati hizo, umwombe akuandikie neno kwa neno kabla ya kukueleza maana, kisha uihifadhi nakala hiyo pamoja na picha na tarehe ya kusomwa.